Pini Yenye Utepe Mwekundu

Ndege ya kwanza duniani iliishi asubuhi moja tu, na haikufia angani. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, karibu na kijiji cha Kitty Hawk katika pwani ya North Carolina, ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, walipokezana kuirusha mara nne. Safari ya nne, Wilbur akiwa amelala kifudifudi juu ya bawa la chini, ilichukua sekunde 59 na kwenda mita 260. Wakairudisha, wakaiweka, wakasimama pembeni wakiizungumzia. Ghafla upepo ukapita chini ya mabawa ukaiinua. John T. Daniels, mmoja wa waokoaji wa majini wa kituo cha jirani waliokuja kutazama na kusaidia, aliirukia akashika nguzo. Upepo ukambiringisha yeye na mbao na waya na minyororo na injini, vyote pamoja. Daniels alitoka na michubuko. Ndege ilitoka haitamaniki, wala haikuruka tena.

Wengi wakisimulia habari za ndege huishia kwenye zile sekunde 59. Mimi hunikaa zaidi dakika zilizofuata, pale wenye ndege waliposimama wakipiga soga huku chombo kimeachwa wazi. Ndege iliyoegeshwa ni kishada kilicholala. Imeundwa ili upepo uibebe, na upepo haungoji rubani apande.

Anayejua jahazi ataelewa upesi. Usukani wa jahazi ni ubao wa wima ulioning'inia tezi, na msukani huugeuza kwa kana. Ndege nayo ina usukani wa wima kwenye mkia, ila rubani huusukuma kwa miguu. Juu ya huo ina vibao vingine ambavyo jahazi halivihitaji. Mkiani kuna ubao wa kulala, eleveta, unaopanda na kushuka ili kuinua pua au kuiteremsha. Kwenye ncha za mabawa kuna eleroni mbili. Moja ikipanda mwenzake hushuka, na ndege ikalala upande. Katika ndege ndogo vyote hivi vimeshikwa na bawaba, na vinavutwa kwa nyaya za chuma zinazopita kwenye kapi hadi usukani wa ndani, mikononi mwa rubani, na pedali miguuni mwake. Hewa ikija kutoka mbele, ndege ikiwa mwendoni, vibao hutulia na kutii. Ikija kutoka nyuma, ndege ikiwa imeegeshwa, hubamizwa huku na huko kama mlango usio na komeo usiku wa kusi. Bawaba hupasuka, nyaya hutoka kwenye kapi, na wakati mwingine hapaonekani kitu mpaka siku rubani atakapovuta usukani kilomita moja juu ya ardhi.

Nahodha akitia nanga hufunga kana kwa kamba asikute usukani umevunjika asubuhi. Marubani na mafundi wao walifanya vivyo hivyo. Walikata vipande viwili vya mbao, wakavibana juu na chini ya ubao unaocheza, wakakaza kwa skrubu na kutundika utepe mwekundu ili anayepita auone. Wengine walifunga usukani wa ndani kwa mkanda wa kiti, jambo linalofanywa mpaka leo katika ndege nyingi ndogo aina ya Piper. Baadaye viwanda vikatengeneza pini ya chuma inayopita kwenye mhimili wa usukani, au mfumo mzima wa wenzo na ndoano uliojengwa ndani. Mimi nitaviita vyote kufuli ya upepo. Ni kifaa chema, cha bei ndogo, na kimeokoa ndege nyingi kuliko zinavyoweza kuhesabika. Kasoro yake ni moja. Upepo ukishatulia, kufuli haijiondoi.

Na hapo ndipo ilipo hila yenyewe. Ndege inayotembea ardhini haihitaji eleveta. Injini itawaka, magurudumu yatageuka, breki zitashika, rubani ataelekea mwanzo wa njia ya kurukia akizungumza na mnara, na hakuna kitakachomwambia kwamba mkia wake umefungwa. Atajua atakapovuta usukani ili ainuke. Wakati huo atakuwa anakwenda kasi kuliko gari lolote alilowahi kuendesha, na mbele yake zimebaki mita chache za lami.

Ajali inayosimuliwa kuliko zote za aina hii ilitokea Wright Field, nje ya mji wa Dayton, Ohio, tarehe 30 Oktoba 1935. Jeshi la Marekani lilikuwa linatafuta ndege mpya ya mabomu. Kiwanda cha Boeing cha Seattle kilileta mashine ya injini nne, Model 299, yenye upana wa zaidi ya mita 31 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Washindani wake, Douglas na Martin, walileta za injini mbili. Mwezi Agosti ndege hiyo ilikuwa imeruka kutoka Seattle hadi Dayton, zaidi ya kilomita 3,000, bila kutua, kwa saa 9 hivi, na mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa amekwishaifananisha na ngome inayoruka. Kila mtu aliona mshindi ni nani.

Siku hiyo rubani alikuwa Meja Ployer Hill wa jeshi, aliyekuwa mkuu wa majaribio ya ndege pale Wright Field. Leslie Tower, rubani mkuu wa majaribio wa Boeing na mtu aliyeijua ndege hiyo kuliko yeyote, alikuwa amesimama nyuma ya viti akiangalia. Ndege ilikuwa na kufuli ya upepo inayofungwa na kufunguliwa kutoka ndani, kitu kigeni kwa marubani wa wakati ule. Hakuna aliyeifungua. Ndege ikaondoka ardhini, ikainua pua, ikazidi kuiinua, na eleveta ilipohitajika kuishusha haikusogea. Mabawa yakapoteza nguvu ya kubebwa na hewa. Ikainama, ikaanguka, ikawaka. Hill alifariki siku hiyo hiyo. Tower alimfuata baada ya wiki chache. Kituo kikubwa cha jeshi la anga kule Utah kinaitwa Hill kwa jina la meja huyo.

Magazeti yaliandika kwamba mashine hiyo ilikuwa kubwa mno kwa akili ya mtu mmoja. Jeshi likaagiza ndege 133 za Douglas. Ila maofisa waliopenda ile ya Boeing walipata upenyo wa kisheria wakaagiza 13 za majaribio, na marubani waliokabidhiwa wakajua kwamba ajali moja zaidi ingelifunga faili. Hawakuomba mafunzo marefu zaidi, maana nani angefunzwa zaidi ya Hill na Tower? Waliandika orodha fupi za ukaguzi: ya kabla ya kuruka, ya angani, ya kabla ya kutua, na ya baada ya kutua. Ndege ikabaki hai, ikapewa jina B-17, na hadi vita vya pili vya dunia vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa 12,731.

Kisa hiki kimekuwa mali ya watu wengi. Madaktari wanakipenda; orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 hutajwa kuwa mjukuu wa moto ule wa Dayton. Walimu wa uongozi wanakipenda zaidi. Lakini nionavyo mimi, wasimuliaji hufika kwenye karatasi wakasahau kibao. Mstari wa orodha unaohusu vibao hauombi kumbukumbu za mtu. Unamtaka rubani ashike usukani, auvute mpaka mwisho, ausukume mpaka mwisho, aupindishe kushoto na kulia, akanyage pedali zote mbili, na macho yake yafuate kinachotokea nje. Kufuli ikiwa bado imo, mkono utaijua kabla ya kichwa. Karatasi kazi yake ni kuuamsha mkono.

Miezi 7 baada ya ajali ya Dayton kosa lile lile lilitokea upande wa pili wa Atlantiki, na halikuzaa karatasi yoyote yenye sifa. Jenerali Walther Wever alikuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, mtu mwenye akili pana, aliyejifunza urubani akiwa mtu mzima baada ya kutoka jeshi la nchi kavu. Tarehe 3 Juni 1936 alikuwa Dresden kuhutubia wanafunzi wa chuo cha vita vya anga, akapata habari za msiba wa jenerali mzee Karl Litzmann, naye akataka kuwahi Berlin. Alipanda Heinkel He 70, ndege ya injini moja yenye mwendo mkali, pamoja na fundi wake. Eleroni zilikuwa bado zimefungwa. Ndege ikainuka, ikalala upande, ikaanguka. Wote wawili walikufa.

Wever ndiye aliyekuwa akisukuma mpango wa ndege za mabomu za injini nne, zenye uwezo wa kufika mbali hadi milima ya Ural. Mwezi Aprili 1937, chini ya mwaka mmoja tangu afe, mpango huo ulifutwa, na Dornier Do 19 na Junkers Ju 89 zikaishia kwenye majaribio. Wako wanaosema pini ile ilibadili vita. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ujerumani ilikuwa na uhaba wa mafuta na madini, na injini zake za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutosha kwa ndege nzito kiasi hicho. Hata hivyo, kwa muda usiofika mwaka, kufuli mbili zilizosahauliwa, moja Ohio na moja Saxony, zilizitia majaribuni ndege nzito za mataifa mawili yaliyokuja kupigana. Ndege za taifa moja zilipona. Za jingine zilibaki michoro na vielelezo viwili vitatu.

Baada ya vita ndege za kijeshi ziligeuzwa za abiria, marubani waliozoea kuruka usiku chini ya mizinga wakavaa sare za mashirika, na mwaka 1947 ukawa mwaka mchungu.

Ulianza Januari 26. DC-3 ya KLM iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Stockholm ilitua Kastrup, Copenhagen. Rubani alikuwa Gerrit Geysendorffer. Jina hilo lilitosha kumtuliza abiria yeyote, kwani mwaka 1927 alikuwa amemrusha tajiri mmoja wa Marekani kutoka Amsterdam hadi Batavia na kurudi, safari ambayo watu wa enzi ile waliiona kama ngano. Ndani ya ndege alikuwamo Mwanamfalme Gustaf Adolf wa Sweden, aliyekuwa wa pili katika mstari wa kurithi kiti baada ya baba yake, na Grace Moore, mwimbaji wa opera wa Marekani aliyekuwa ameimba Copenhagen siku iliyotangulia. Vibanio vilivyofungwa kwenye eleveta ili kuikinga na upepo havikuondolewa. Ndege ilipaa wima mno hadi kimo cha mita 50 hivi, ikasimama hewani kwa kitambo, ikaporomoka kwa pua, ikalipuka mbele ya macho ya waliokuwa uwanjani. Watu wote 22 walikufa. Mwanamfalme aliacha mtoto wa kiume ambaye hakuwa ametimiza miezi 9. Mtoto huyo, Carl Gustaf, alirithi ufalme mwaka 1973 kutoka kwa babu yake, mstari ukiwa umeruka kizazi kimoja.

Tarehe 29 Mei ikafuata DC-4 ya United Airlines kwenye uwanja wa LaGuardia, New York. Haikuinuka kabisa. Ilivuka mwisho wa njia ya kurukia, ikavunja uzio, ikavuka barabara, ikawaka, na watu 43 kati ya 48 wakafa. Rubani alinusurika. Wachunguzi waliacha milango miwili wazi: ama kufuli ya upepo haikufunguliwa, ama rubani aliingiwa na wasiwasi juu ya ufupi wa njia na kukatisha kuruka akiwa amechelewa. Naitaja ajali hii kwa sababu ya ile milango miwili. Rubani anayevuta usukani ukagoma, na rubani anayehisi njia imekwisha, kwa nje wanafanana, na wote wana sekunde chache zile zile.

Na Agosti 23, pale Woodford karibu na Manchester, aliuawa Roy Chadwick, mbunifu wa Lancaster, ndege iliyobeba mabomu ya Uingereza usiku baada ya usiku wakati wa vita. Alikuwa abiria katika ndege ya majaribio, Avro Tudor. Safari hii hapakuwa na kufuli. Vibao vilikuwa huru kabisa, vinapanda na kushuka bila kugoma. Lakini mafundi walipounganisha nyaya za eleroni walizigeuza, kwa hiyo rubani akipindisha kushoto ndege inalala kulia. Akijaribu kuisawazisha anaizidishia ubaya. Bill Thorn, mmoja wa marubani wa majaribio hodari wa nchi ile, alikufa akiwa ameshika usukani unaosema uongo.

Ndiyo maana sharti la ukaguzi lina maneno mawili yasiyotenganishwa: huru na sahihi. Vibao vicheze bila kukwama, na vicheze upande unaostahili. Walimu wa urubani wana mbinu moja nzuri ya kumfundisha mwanagenzi. Shika usukani kwa mikono miwili, simamisha gumba zote juu. Pindisha kushoto: gumba zimelala kushoto, na eleroni iliyopanda ni ya kushoto. Pindisha kulia: zimelala kulia, imepanda ya kulia. Gumba likionyesha kibao kilichoshuka, zima injini uende ukaongee na fundi.

Watunga sheria nao hawakukaa kimya. Kanuni za Marekani za kuidhinisha ndege, ambazo nchi nyingi zimefuata nyayo zake, zinataka kufuli ijifungue yenyewe rubani anapotumia usukani kwa kawaida, au kama haiwezi, iizuie ndege kwa namna ambayo rubani atapata onyo lisilo na shaka mwanzoni mwa kuruka. Cessna waliitimiza kwa werevu wa mafundi wa mtaani: pini ya ndege zao ndogo imeunganishwa na kipande cha bati jekundu kinachofunika tundu la ufunguo wa kuwashia. Huwezi kuwasha injini bila kukitoa. Werevu huo, bahati mbaya, unashindwa na msumari. Pini ya asili ikipotea, mwenye ndege huchukua msumari wa inchi nne au boliti iliyookotwa karakana, ikaingia kwenye tundu barabara kabisa, bila bati, bila utepe. Ukaingia ndani ya ndege ya namna hiyo alfajiri, giza bado, hutauona.

Katika ndege kubwa za leo, zile zinazotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Dubai, utepe mwekundu wa kufuli ya upepo hauko. Vibao vyake vinasukumwa na mafuta yenye shinikizo kubwa, na mafuta hayo hayo huvituliza dhidi ya upepo ndege ikiegeshwa. Katika Airbus rubani ana kijiti kidogo pembeni, waya wa umeme badala ya waya wa chuma, na kioo kinachomchorea kila kibao kilipo. Ungedhani kisa kimekwisha. Tarehe 20 Machi 2001 Airbus A320 ya Lufthansa ilikuwa inaruka kutoka Frankfurt baada ya matengenezo. Waya za kijiti cha kapteni zilikuwa zimegeuzwa. Ndege ilipoinuka ikalala kushoto kidogo. Kapteni akairudisha kulia, nayo ikazidi kulala kushoto hadi nyuzi 22, ncha ya bawa ikiwa karibu nusu mita tu kutoka ardhini. Kijiti cha msaidizi wake kilikuwa sawa. Akaichukua ndege, akaiponya. Ukaguzi ulikuwa umefanyika kabla ya kuruka. Kilichokosekana ni jicho la kuona kwamba picha kwenye kioo ilikuwa imekwenda upande usio wake. Novemba 2018 mkasa wa jamii hiyo uliipata Embraer ya Air Astana ilipotoka karakana nchini Ureno. Marubani walihangaika nayo mawinguni, wakafikiria hata kuishusha baharini, mpaka wakaituliza na kutua Beja katika jaribio la tatu.

Hata hivyo, ajali inayonikosesha usingizi ni ya Bedford, Massachusetts, usiku wa tarehe 31 Mei 2014.

Ndege ilikuwa Gulfstream G-IV, ya kifahari, iliyombeba Lewis Katz, mfanyabiashara ambaye siku chache tu kabla alikuwa ameshinda mnada wa gazeti la Philadelphia Inquirer. Walikuwa 7: abiria 4, mhudumu mmoja na marubani wawili ambao walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa takriban miaka 12. Kufuli ya G-IV ni wenzo mwekundu kando ya vishikio vya kuongezea nguvu za injini, mahali ambapo mkono hauwezi kuukosa. Tena kiwanda kilikuwa kimeufunga pamoja na vishikio hivyo, ili kufuli ikiwa imo, injini zisipate nguvu ya kurusha ndege.

Kinasa sauti hakikunasa orodha yoyote ikisomwa. Kinasa mwenendo hakikuonyesha vibao vikichezeshwa. Ndege iliingia njia ya kurukia, kapteni akasukuma vishikio, na vishikio vikaenda mbele kuliko kiwanda kilivyokusudia. Lile zuio lilikuwa limeidhinishwa kwa kuangalia michoro. Halikuwahi kupimwa ipasavyo kwenye ndege yenyewe. Nguvu haikuwa kamili, lakini ilitosha kuikimbiza. Ndipo sauti ya rubani ikasikika ikisema kwamba kufuli imo. Akarudia. Akarudia tena, mara kadhaa, huku ndege ikiongeza mwendo. Badala ya kupunguza nguvu na kukanyaga breki, walijaribu kuifungua wakiwa kasini, na hewa ilikuwa tayari inavisukuma vibao kwa nguvu ambayo ndoano haikuweza kuachia. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri walipiga hesabu: kama wangeanza kusimama wakati wowote ndani ya sekunde 11 tangu tamko la kwanza, ndege ingesimama juu ya lami. Mwendo ulifika kilomita 300 kwa saa. Ilitoka mwisho wa njia, ikapasua uzio, ikatumbukia bondeni, ikaungua. Hakuna aliyepona.

Kisha wachunguzi wakachukua kumbukumbu za ndege hiyo na kurudi nyuma safari 175. Katika asilimia 98 ya safari hizo ukaguzi kamili wa vibao haukufanyika. Hawakuwa wamesahau usiku ule. Walikuwa wameacha zamani, na ndege ikawavumilia mara mia na zaidi. Bodi ilitaka kujua kama ugonjwa huo ni wa watu wawili tu, na chama cha Marekani cha usafiri wa anga wa kibiashara kikapitia data za safari karibu 144,000 za ndege kama zile. Katika takriban asilimia 18 ukaguzi haukuwa kamili, au haukuwapo kabisa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Hill alikufa kwa sababu kufuli ilikuwa ngeni kwake. Wale wawili wa Bedford waliijua kufuli yao kama wanavyojua komeo la mlango wa nyumbani.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, pini na utepe si habari za makumbusho. Tangu Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika lake Nairobi mwaka 1929, hadi leo kwenye uwanja wenye jina lake, ndege ndogo ndizo zinazofika Mara, Lamu, Mafia, Pemba na vijiji ambavyo barabara hukatika masika. Zinalala nje, zimefungwa kamba kwenye vizuizi vya zege, na kaskazi na kusi huzipita usiku kucha. Hata pasipokuwa na upepo wa Mungu kuna upepo wa jirani: ndege kubwa ikigeuka karibu, injini zake hupuliza dharuba ya kutosha kuvunja bawaba.

Mwaka uliopita nilisafiri kutoka jengo la zamani la abiria la Dar es Salaam kwenda Unguja kwa Cessna Caravan. Niliketi kwenye benchi nikimtazama rubani, kijana mwembamba mwenye miwani, akiizunguka ndege yake. Alifungua mkanda uliozuia panga la mbele lisizunguke. Alikwenda mkiani, akageuza kishikio kidogo ubavuni ili kuuachia usukani wa wima, kisha akausukuma kwa kiganja, huku na huku. Akainyanyua eleveta kwa vidole, akaiachia, akainama kutazama bawaba moja kwa muda ambao jirani yangu wa benchi aliuona mrefu. "Huyu anatuchelewesha," akasema. Alipoingia ndani alichomoa pini, akaisokota na utepe wake, akaitia kwenye mfuko wa mlango.

Abiria walijaa, nami nikakalishwa mbele, kulia kwake. Katika kiti hicho kuna usukani wa pili, uliounganishwa na wa rubani. Tulipofika karibu na njia ya kurukia akasimamisha ndege, akavuta usukani wake, na wangu ukanijia mpaka ukagonga mkoba niliokuwa nimeupakata. Akaacha. "Shikamoo mzee, samahani. Naomba mkoba uweke chini." Nikauweka miguuni. "Hapana, mzee, na hapo pana pedali. Nipe niuweke nyuma." Akaupitisha nyuma, kisha akaanza upya tangu mwanzo: nyuma mpaka mwisho, mbele mpaka mwisho, kushoto huku akitazama bawa la kushoto, kulia huku akichungulia mbele ya pua yangu kuliona la kulia, kisha pedali. Mambo ya nusu dakika. Halafu akaongea na mnara, tukaenda.

Nawe ukikalishwa kiti cha mbele katika ndege ndogo, usipakate kitu. Rudisha kiti nyuma, vuta miguu, ondoa simu na ncha ya khanga mahali vinapoweza kunasa, na uuache usukani uje mpaka tumboni. Rubani asipouvuta, muulize.